Reli ya Uhuru na Siasa ya Nje ya China

(Hotuba iliyotolewa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Wanafunzi wa Zamani, na kuandikwa upya na msemaji mwenyewe kwa ajili ya gazeti hili.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu, wazee wenzangu tuliowahi kulala katika mabweni haya, na ninyi wanafunzi mlioketi sakafuni kwa kuwa viti mmetuachia sisi:

Katibu wetu aliponiandikia kuniomba nizungumze juu ya siasa ya nje ya China na matokeo yake kwa mataifa mengine, nilimjibu kwamba jambo hilo ni bahari, na mimi nimepewa dakika arobaini tu kabla ya pilau. Akanijibu kwamba dakika hizo hazitaongezwa. Basi nimeamua kuchota kata moja katika bahari hiyo. Nitasema juu ya reli itokayo Dar es Salaam kwenda Kapiri Mposhi, Zambia, ambayo baadhi yenu mmekuja nayo hapa shuleni, na ambayo mimi niliiona ikijengwa.

Nimeichagua kwa sababu moja. Juu ya Wachina nasikia watu wakisema kwa sauti mbili. Wa kwanza husema China ni ndugu yetu, ametusaidia bila kutaka kitu. Wa pili husema China ni mkoloni mpya, amekuja kuchukua nchi kwa mikopo. Sauti zote mbili nimezisikia hata hapa leo, pale chini ya mwembe, tulipokuwa tukinywa chai. Mimi naona wote wawili wanakwepa kazi moja iliyo ngumu kidogo, nayo ni kuuliza: China ilitaka nini? Sisi tulitaka nini? Na katika karatasi kuliandikwa nini?

Tuanze na haja yetu. Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, na utajiri wake ulikuwa shaba. Shaba hiyo ilitoka kwa reli iliyopita Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, mpaka bandari ya Beira iliyokuwa mikononi mwa Wareno. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith wakajitangazia uhuru wao wenyewe. Zambia ikajikuta kama mtu aliyejenga nyumba ambayo mlango wake wa pekee unafungulia uani kwa adui yake. Mafuta ikabidi yasafirishwe kwa ndege na kwa malori, kwa barabara ya vumbi iliyoua madereva wengi. Bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam lilifika mwaka 1968, lakini shaba haipiti katika bomba.

Wakubwa wa Magharibi waliulizwa kwanza. Mwaka 1964 Benki ya Dunia ilisema reli hiyo haitajilipa, na kwamba ni afadhali kutengeneza barabara. Mwaka 1966 wataalamu waliolipwa na Uingereza na Kanada walisema reli inaweza kujengwa na inaweza kujilipa, lakini fedha hazikutokea. Nataka niwe mwadilifu hapa, maana enzi zetu tulifundishwa kuwatukana tu watu hawa. Hesabu yao haikuwa ya kipumbavu. Walihesabu tani na shilingi. Ambaye hawakumtia katika hesabu ni Smith.

Sasa haja ya China. Vijana, msidhani China ya mwaka 1965 ilikuwa hii mnayoiona katika simu zenu. Ilikuwa nchi maskini, iliyotoka katika njaa kubwa ya miaka ya 1959 hadi 1961. Ilikuwa imegombana na Marekani, na ikagombana tena na Urusi, ambayo mwaka 1960 iliwaondoa wataalamu wake wote na kuacha kazi nusu nusu. Kiti cha China katika Umoja wa Mataifa kilikaliwa na serikali ya Taiwan. Nchi yenye watu wengi kuliko zote duniani ilikuwa haina pa kukaa. Ilihitaji marafiki, na Afrika kulikuwa na mataifa mapya yenye kura moja moja, sawa na kura ya Ufaransa au ya Uingereza.

Waziri Mkuu Zhou Enlai alipozunguka Afrika alitangaza huko Ghana, Januari 1964, masharti manane ambayo China ingefuata katika kusaidia wengine. Mikopo iwe bila riba au yenye riba ndogo. Msaada usiwe na masharti ya kisiasa. Wataalamu wa China waishi kama wanavyoishi wataalamu wa nchi wanayoisaidia. Mwalimu Nyerere alikwenda Beijing Februari 1965, Zhou akaja Dar es Salaam Juni mwaka huo huo, Rais Kaunda akaenda China mwaka 1967, na tarehe 5 Septemba 1967 mkataba ukatiwa sahihi.

Mkataba ulisema hivi: China itakopesha Yuan milioni 988, bila riba, zilipwe kwa miaka 30, na Tanzania na Zambia zibebe mzigo nusu kwa nusu. Hapo watu wengi hufunga kitabu na kupiga makofi. Lakini palikuwa na jambo lingine, ambalo mimi sikulielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima, ingawa lilikuwa juu ya meza yetu nyumbani kila asubuhi.

Kaka yangu aliacha shule darasa la saba akaandikwa kazi ya reli, upande wa Mlimba. Kila alipokuja likizo alileta vitu: chupa ya chai yenye maua mekundu, tochi, beseni la enameli, na mwaka mmoja alikuja na baiskeli, kijiji kizima kikaja kuishika. Vyote vya Kichina. Mama yetu akawa anawaombea Wachina kanisani. Sasa sikilizeni ilivyokuwa. Kulipa vibarua na kununua mchele na mbao za hapa kulihitaji shilingi za Tanzania na kwacha za Zambia. China haikuwa na shilingi, wala dola za kununulia shilingi haikuwa nazo za kutosha. Kwa hiyo ilileta bidhaa zake kwa mkopo, zikauzwa katika maduka ya Serikali na ya ushirika, na fedha iliyopatikana dukani ndiyo iliyolipa mishahara ya reli. Maana yake ni kwamba kaka yangu aliponunua ile chupa ya chai, alikuwa akitafuta mshahara wake mwenyewe wa mwezi ujao. Na ile chupa iliingia katika deni la Taifa.

Sisemi kwamba tuliibiwa. Chupa ile ilidumu, ipo mpaka leo kwa dada yangu, ingawa kizibo kimekwisha badilishwa mara tatu. Nasema tu kwamba mkopo usio na riba una njia nyingine za kumrudishia mkopeshaji. Viwanda vya China vilipata soko mahali ambapo vilikuwa havijulikani, na mtu aliyezoea bidhaa za Uingereza akazoea za Shanghai. Hilo halikuwa tusi kwetu wala sadaka kwetu. Ilikuwa biashara ya werevu iliyofanywa na nchi isiyokuwa na fedha, kwa faida ya nchi nyingine mbili zisizokuwa na fedha.

Na kazi ilifanyika. Ujenzi ulifunguliwa Oktoba 1970. Sehemu ya kwanza, kutoka Dar es Salaam mpaka Mlimba, ilikuwa na mbuga, tope na wanyama wa Selous. Sehemu ya pili, kutoka Mlimba kupanda mpaka Makambako, ndiyo iliyotoa jasho. Pale ndipo yalipo mahandaki mengi ya reli hii, na madaraja marefu juu ya mabonde ambayo ukiyatazama dirishani unanyamaza. Kaka yangu alitoboa miamba pale. Alisema maji ya baridi yalikuwa yakiwadondokea mchana kutwa, na kwamba msimamizi wao Mchina alikuwa akiingia ndani kabla yao baada ya kila baruti kulipuka, kuona kama mwamba umetulia.

Mwaka 1972, nikiwa Kidato cha Nne, mwalimu wetu wa Jiografia alitupakia katika lori la shule akatupeleka kuona. Tulitafuta Mchina mkubwa ni nani, tumsalimie, hatukumpata, kwa kuwa wote walivaa nguo zile zile za buluu na wote walikuwa na matope. Kambini walikuwa wamelima mboga zao wenyewe. Sisi tulikuwa tumezoea wataalamu wanaokaa nyumba za juu kilimani na wapishi wawili. Rafiki yangu mmoja, ambaye leo yuko pale safu ya tatu na anajifanya hanisikii, alisema, “Kama hawa ndio wataalamu, basi hata mimi ni mtaalamu.” Aliishia kuwa mhandisi, kwa hiyo sikumcheka tena.

Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi hiyo, na makaburi yao yapo Gongo la Mboto, nje kidogo ya Dar es Salaam. Waafrika nao walikufa. Kaka yangu alirudi na vidole vinane.

Reli ilivuka mpaka pale Tunduma mwaka 1973, ikafika Kapiri Mposhi mwaka 1975, kilomita 1,860 kwa jumla, kabla ya wakati uliopangwa. Tarehe 14 Julai 1976 ikakabidhiwa rasmi kwa Tanzania na Zambia.

China ilipata nini? Tarehe 25 Oktoba 1971 Umoja wa Mataifa ulipiga kura juu ya kiti cha China. Waliokubali walikuwa 76, waliokataa 35, wasiopiga kura 17. Katika wale 76, nchi 26 zilikuwa za Afrika, na Tanzania na Zambia zilikuwa miongoni mwa zilizoleta hoja yenyewe. Balozi wetu pale alikuwa kijana Salim Ahmed Salim. Miaka kumi baadaye, mwaka 1981, Salim aligombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Marekani ilimpinga kwa kura yake ya turufu tena na tena. China nayo ikampinga Kurt Waldheim kwa kura ya turufu mara 16, ikisema sasa ni zamu ya mtu wa nchi za dunia ya tatu. Wote wawili wakakosa, akapita Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Kwa hiyo wanaosema China ilichukua ikasahau, wakumbuke mwaka 1981.

Lakini wanaosema ni ndugu wa damu, nao nawaomba wakumbuke Angola mwaka 1975. Tanzania ilikuwa upande wa MPLA. China ilikuwa imepeleka walimu wa kijeshi kuwafundisha FNLA, si kwa sababu iliwapenda FNLA, bali kwa sababu MPLA walisaidiwa na Warusi. Ikatokea kwamba China ilijikuta imesimama upande mmoja na Marekani, na mbaya zaidi, upande mmoja na makaburu wa Afrika Kusini walipoivamia nchi ile. China iliona aibu ikawaondoa walimu wake Oktoba 1975, lakini haikuitambua serikali ya Angola mpaka mwaka 1983. Hao ni Wachina wale wale waliofundisha wapiganaji wa FRELIMO pale Nachingwea, na wale wale waliotandika mataruma yetu. Hakuna mwujiza hapo. Uadui wao na Urusi ulikuwa mkubwa kuliko urafiki wao na mtu yeyote, na sisi tulikuwa na haki ya kulijua hilo.

Sasa nitapita haraka katika miaka ya taabu, maana wengi mnaijua. Reli ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Haikufika hata mara moja. Katika miaka ya kwanza baada ya kufunguliwa ilizidi kidogo tani milioni 1.2, kisha ikaanza kushuka. Injini zilizokuja nayo hazikuwa na nguvu za kutosha kwa ule mlima wa Mlimba. Mizigo ilirundikana bandarini Dar es Salaam hata Oktoba 1978 Kaunda akalazimika kufungua tena njia ya Rhodesia ili apate mbolea. Mwaka uliofuata majeshi ya Rhodesia yakalipua madaraja ya mto Chambeshi. Baadaye Zimbabwe ikawa huru, na Afrika Kusini ikawa huru, na kwa furaha yetu wote njia za kusini zikafunguka. Reli iliyojengwa kumkwepa adui ikapoteza mizigo adui alipoondoka. Na barabara ya lami iliyo kando yake, iliyojengwa kwa msaada mkubwa wa Marekani wakati ule ule, ikachukua malori yote. Mwaka 2014/15 reli haikubeba hata tani 100,000. Ile hesabu ya Benki ya Dunia ilisubiri miaka hamsini, ikaja kudai haki yake.

Je, ilikuwa hasara? Mimi siamini hivyo. Kuna vitu hujengwa ili nchi isinyongwe, na bei ya kamba shingoni haiandikwi katika vitabu vya hesabu. Ila tukubali kwamba tulijua tulichokuwa tukikikimbia kuliko tulivyojua tutakakokwenda baada ya kukikimbia.

China yenyewe ilikuwa imebadilika. Januari 1983 Waziri Mkuu wao mwingine, Zhao Ziyang, alikuja Dar es Salaam akatangaza masharti manne mapya, na neno kubwa lilikuwa kufaidiana. Masharti manane ya Zhou Enlai yalisema juu ya kusaidia. Masharti manne ya Zhao yalisema juu ya kufaidiana. Yalitangazwa katika mji wetu wenyewe, na nasikitika kusema kwamba wengi wetu tulikuwa katika foleni ya sukari, hatukuyasikiliza.

Matokeo yake mnayaona leo. Jirani zetu wa Kenya walifungua reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017, kwa mikopo ya benki ya Serikali ya China. Mkataba ulifichwa miaka mingi, na sehemu yake ilipotolewa hadharani Novemba 2022 watu wakasoma kwamba mkopo mmojawapo, wa dola zipatazo bilioni 1.6, ulikuwa wa miaka 15, kwa riba ya soko la London na juu yake asilimia 3.6. Linganisheni na ule wetu wa mwaka 1967. Zambia ilishindwa kulipa madeni yake Novemba 2020, na Juni 2023 mataifa yaliyoikopesha yalipokubali kuipangia upya dola bilioni 6.3, sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ya China. Sri Lanka mwaka 2017 iliikodisha bandari ya Hambantota kwa kampuni ya China kwa miaka 99. Hapo huwa nasahihisha vijana: bandari ile haikukamatwa kama mbuzi wa mdaiwa. Sri Lanka ilitafuta dola za kulipa wakopeshaji wake wote, wengi wao wa masoko ya Magharibi, ikaona bandari ndiyo kitu cha kukodishwa. Ni habari mbaya, lakini ni habari mbaya ya namna nyingine. Na sisi wenyewe tulitia sahihi makubaliano ya bandari ya Bagamoyo mwaka 2013, Rais Xi Jinping alipokuja, kisha mwaka 2019 Rais Magufuli akayakataa masharti yake. Wachina walinuna kidogo, lakini hawakuondoka nchini. Ambaye hakuamini kwamba mtu anaweza kuwaambia “hapana” akaendelea kuwa rafiki yao, alijibiwa hapo.

Namalizia na reli yetu. Dunia imeanza tena kuitaka shaba, safari hii kwa ajili ya magari ya umeme. Wamarekani na watu wa Ulaya wanasaidia kufufua reli ya kwenda Lobito, Angola, ili shaba ya Kongo na Zambia itokee magharibi. Wachina nao wamerudi kwenye reli ya mashariki. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba na kampuni ya CCECC ya China, kwamba itatia dola bilioni 1.4 katika kutengeneza njia na kununua injini na mabehewa, na kwa malipo yake itaendesha reli hiyo. Mkataba wote ni wa miaka 30.

Kampuni hiyo ina asili yake, na asili hiyo ndiyo iliyonifanya nikubali kuja kusema leo. Iliundwa mwaka 1979 kutokana na ofisi ya misaada ya nje ya Wizara ya Reli ya China, ofisi ile ile iliyokuja na watu wa nguo za buluu. Wamerudi wale wale, lakini mwaka 1970 walikuja kama wizara iliyotafuta marafiki, na sasa wamekuja kama kampuni inayotafuta faida. Siwalaumu, kampuni isiyotafuta faida hufungwa. Ila mtu anayewapokea akidhani bado ni mwaka 1970, huyo simwelewi.

Miaka 30 tangu 2025 ni mwaka 2055. Mimi nitakuwa nimekwisha lala pale penye miti ya misaji nyuma ya kanisa letu. Ninyi wa Kidato cha Tatu mtakuwa na miaka arobaini na sita hivi. Atakayekaa mezani kupokea reli hiyo, kuhesabu injini zinazotembea na zisizotembea, na kuuliza ni Watanzania wangapi na Wazambia wangapi walifundishwa kuziendesha na kuzitengeneza, huenda yuko hapa sakafuni sasa hivi na anasinzia kwa njaa.

Ndugu Mwenyekiti, naona wapishi wamekwisha kutoka jikoni mara mbili. Nipo tayari kwa maswali, na kwa ruhusa yako ningependa swali la kwanza litoke kwa mwanafunzi, si kwa yule mhandisi wa safu ya tatu.